Mekatilili wa Menza na Mnazi wa Kwetu

Kwa desturi ya kijitabu hiki cha harambee, kila mwaka kurasa chache hutengwa kwa ajili ya mtu wa kwetu aliyetangulia mbele ya haki, ili vijana wetu waliozaliwa Mombasa, Nairobi na kwingineko wajue wametoka kwa nani. Mwaka huu kamati imemchagua Hawe Mekatilili wa Menza. Kazi ya kumwandika tumepewa sisi wa mafungu na hesabu, watu waliozoea vitabu vya mapato na matumizi kuliko vitabu vya historia. Tutaomba radhi mapema kwa hilo.

Sababu ya kumchagua yeye mwaka huu ndugu wengi mwaijua. Harambee ya safari hii ni ya wagema na mama pima wa nyumbani. Katika mkutano mkuu wapo wanachama waliosimama wakauliza, tena kwa adabu, iweje chama kinacholipia watoto karo kiende kuchangia mnazi. Swali hilo ni la haki na halifai kujibiwa kwa kelele. Tumeona tulijibu kwa njia ya mzunguko kidogo, kwa kupitia maisha ya mama huyu, kisha turudi kwenye hesabu zetu.

Mekatilili alizaliwa Mutara wa Tsatsu, upande wa Bamba, katika Ganze ya leo, kwenye karne ya 19. Jina alilopewa ni Mnyazi. Katika watoto watano wa mzee Menza yeye alikuwa binti peke yake. Masimulizi ya kwetu yanasema kwamba kaka yake mmoja, Mwarandu, alikamatwa sokoni na wafanyabiashara wa watumwa na hakuonekana tena. Msichana aliyekua katika nyumba iliyopotelewa hivyo alijifunza mapema kwamba mtu anaweza kuja kutoka mbali akamchukua mwana wa mwenziwe kama achukuavyo mbuzi. Tukilikumbuka hilo, mambo aliyoyafanya baadaye hayatushangazi.

Aliolewa na Dyeka wa Duka, wakakaa Lango Baya. Mwanawe aliitwa Katilili, na kwa mila yetu mama huitwa kwa jina la mtoto wake. Ndivyo Mnyazi alivyokuwa Mekatilili, mama wa Katilili.

Hapa tuseme neno kuhusu mnazi katika maisha ya watu wa wakati ule, maana vijana wetu wengi wanaujua kama kinywaji cha mangweni tu. Kwa Mgiriama mnazi ulikuwa na nafasi yake katika kila jambo zito. Posa ilikwenda na mnazi, na mahari hayakuhesabiwa kuwa yametimia kama mnazi wa wazee haujafika. Matanga yalikuwa na mnazi wake. Wazee walipokaa kuamua kesi ya shamba au ya mke, mnazi ulikuwa katikati yao, na waliounywa pamoja walikuwa mashahidi wa neno lililokatwa. Koma, yaani wahenga wetu, walimwagiwa mnazi chini kabla ya mtu kutia mrija kinywani. Kwa watu wasioandika mikataba, kibuyu kile ndicho kilichokuwa sahihi na muhuri.

Mnazi vilevile ulikuwa mapato. Miaka ya mwanzo ya karne ya 20 Wagiriama walikuwa watu wa kujitosheleza. Walilima nafaka za kula na za kuuza, na mashamba yao yalikuwa yameenea hadi ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki. Huku kwetu kwenye ukanda wa minazi, mti mmoja ulitoa nazi, mbata, makuti na kinywaji. Serikali ya Mwingereza ilipoleta kodi ya nyumba, pesa za kuilipa zilipatikana humo humo, ghalani na minazini. Mtu aliuza alichokuwa nacho, akalipa, akabaki kwake.

Jambo hilo ndilo lililowakera watawala. Walihitaji vibarua kwa mashamba makubwa ya walowezi pwani na kwa kazi za serikali mjini Mombasa, na Wagiriama hawakuwa na haja ya kwenda. Maofisa wa kikoloni waliwaandika kuwa watu wavivu, na mara nyingi lawama hiyo ilienda pamoja na kuulaumu mnazi. Sisi watu wa hesabu twaisoma lawama hiyo kwa namna nyingine. Aliyeitwa mvivu alikuwa mtu mwenye mapato yake mwenyewe, asiye na sababu ya kuuza nguvu zake kwa bei ya mwingine.

Mwaka 1912 alitumwa Ugiriama ofisa aitwaye Arthur Champion. Kazi yake ilikuwa kuisogeza serikali karibu na watu, kukusanya kodi, kuweka wazee wa kupokea amri, na kupata vijana wa kwenda vibaruani. Palikuwa pia na mpango wa kuwatoa watu katika ardhi nzuri ya kaskazini ya Sabaki. Wazee waliowekwa na serikali walijikuta katikati, hawana nguvu kwa watu wao wala heshima kwa mzungu.

Mekatilili wakati huo alikuwa mtu mzima na mjane. Hakuwa na cheo chochote katika kambi ya wazee, na kwa desturi mwanamke hakusimama kuzungumzia mambo ya nchi. Alianza na kile alichokuwa nacho. Alikuwa mchezaji hodari wa kifudu, ngoma ya matanga, akaichukua kutoka kijiji hadi kijiji. Watu walikuja kwenye ngoma, na ngoma ilipotulia walimsikiliza. Aliwaambia akina mama kwamba wanaotakiwa vibaruani ni watoto wao wa kuzaa. Aliwakumbusha utabiri wa Mepoho, mwanamke wa zamani aliyeagua kuja kwa wageni na kuharibika kwa nchi. Pamoja naye alisimama mzee Wanje wa Mwadorikola.

Katikati ya mwaka 1913 watu walikusanyika Kaya Fungo, kaya kuu ya Wagiriama, ambayo walio wengi walikuwa wamehama na kwenda kuishi mashambani. Hapo viapo vikubwa viwili vililiwa: wanawake walikula mukushekushe, wanaume wakala kiapo cha fisi. Waliapa kutompa serikali kijana wala kibarua, na kutoshirikiana na wazee waliowekwa na Champion. Mtu aliyekula kiapo cha fisi hakurudi nyuma kwa urahisi. Kwa muda mfupi kazi ya serikali katika Ugiriama yote ikasimama, bila mshale hata mmoja kurushwa.

Kisa kinachopendwa kusimuliwa kwetu ni kile cha kuku. Champion aliitisha baraza mwezi Agosti mwaka huo kuwataka watu watoe vijana. Inasimuliwa kwamba Mekatilili alikuja na kuku mwenye vifaranga, akamtaka ofisa huyo achukue kifaranga kimoja. Alipojaribu, mama kuku alimdonoa. Mekatilili akamweleza kwamba ndivyo itakavyokuwa akigusa watoto wa Wagiriama. Baraza lilivunjika kwa fujo. Watu wengi wamekisikia kisa hiki wakacheka, lakini aliyekitunga alikuwa amepotelewa na ndugu wa tumbo moja sokoni, na hakuwa akicheka.

Tarehe 17 Oktoba 1913 Mekatilili na Wanje walikamatwa. Walihukumiwa kupelekwa uhamishoni miaka mitano, wakasafirishwa hadi Kisii, upande wa pili wa nchi, mahali ambapo lugha, chakula na hata baridi ya usiku vilikuwa vigeni kwao. Serikali iliamini kwamba umbali ungetosha kuwa ukuta. Januari 1914 wawili hao walitoroka wakashika njia ya kurudi nyumbani kwa miguu. Kutoka Kisii hadi kwetu ni zaidi ya kilomita 700, na katikati yake kuna mito, nyika na wanyama wakali. Walifika. Kila tunapolalamika foleni ya magari tukienda nyumbani kwa sikukuu, tumkumbuke mwanamke huyu mwenye umri wa bibi aliyeikata nchi nzima kwa nyayo zake.

Serikali ikaona kwamba nguvu ya watu ilikuwa katika kaya. Mwanzoni mwa Agosti 1914, siku zilezile vita vikuu vya kwanza vilipokuwa vinaanza Ulaya, Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti. Miti mikubwa iliangushwa na malango yakavunjwa. Mwezi huohuo Mekatilili alikamatwa tena na kurudishwa uhamishoni. Watu waliokuwa wamekataa kwa amani mwaka mzima sasa walishika pinde, na askari wa serikali wakawajibu kwa bunduki. Wengi waliuawa, nyumba zilichomwa, na mbuzi na ng'ombe wakachukuliwa. Mapigano yalipokoma mwezi Oktoba, masharti yaliyotolewa yalikuwa mazito: faini ya rupia 100,000, vijana 1,000 wa kubeba mizigo vitani, na watu wote wahame ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki.

Tuliposoma masharti hayo tuliyapanga kama tunavyopanga hesabu yoyote. Faini ilichukua akiba. Kuhamishwa kulichukua mashamba ya nafaka. Vijana 1,000 walikuwa ndio nguvu ya kuzalisha. Watu wakiondolewa mapato yao yote hivyo, miaka inayofuata hawahitaji kulazimishwa kwa bunduki kwenda vibaruani, njaa itawapeleka. Yale aliyoyaonya Mekatilili kwenye ngoma ya kifudu yakaandikwa kwenye karatasi ya serikali.

Hata hivyo hayakudumu kama yalivyoandikwa. Baada ya miaka michache watu waliruhusiwa kurudi kaskazini ya Sabaki. Mwaka 1919 Mekatilili na Wanje waliachiliwa, wakarudi kukaa kaya, Wanje akiwaongoza wanaume na Mekatilili akiwaongoza wanawake. Binti asiyekuwa na kiti barazani alimaliza maisha yake akiwa na kiti. Alifariki mwaka 1924, akazikwa Bungale, Magarini. Leo sanamu yake iko katika bustani ya Malindi yenye jina lake. Kaya iliyolipuliwa haikufa pia: mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya za Wamijikenda katika orodha ya urithi wa dunia, na Kaya Giriama imo.

Sasa turudi kwenye swali la mkutano mkuu.

Hatutasema kwamba Mekatilili alipigania mnazi. Huo ungekuwa uongo, na mama huyu hahitaji kutiwa chumvi. Alipigania vijana wasichukuliwe, ardhi isinyang'anywe, na watu wa kwetu waendelee kuishi kwa kile kinachotoka katika mikono yao na udongo wao. Mnazi ulikuwa mmoja wa vitu hivyo, na katika upande wetu wa minazi ni miongoni mwa vichache vilivyobaki.

Tena wengi wetu tunaosoma kijitabu hiki tunao ushahidi ndani ya nyumba zetu. Tulikwenda shule kwa pesa za mnazi. Baba au mjomba alipanda asubuhi kwa vidato vilivyochongwa kwenye shina, kotama kiunoni na kibuyu mgongoni, akakata ncha ya karara ukonde mwembamba kama karatasi, akashusha kilichojaa usiku. Jioni alipanda tena. Akiruka siku moja karara hukauka, kwa hiyo mgema hana Jumapili wala sikukuu. Mama aliupokea chini, akauchuja, akaupima kwa kata, na senti zikaenda kwenye kitambaa alichokifunga pembeni ya leso. Muhula ulipofika kitambaa kilifunguliwa. Sisi tuliosomea uhasibu chuo kikuu, daftari la kwanza la fedha tulilowahi kuliona ni alama za mkaa kwenye ukuta wa jikoni, zikionyesha nani amekunywa na hajalipa.

Wapo waliokosa hata hizo. Tunazijua familia zilizoweka minazi rehani kwa ajili ya karo au matanga, zisiweze kuikomboa, na leo wanawe wanagema miti ya babu yao kwa kugawana na mwenye mali mpya. Minazi iliyobaki mingi ni ile ya mababu, imezeeka, na kila mwaka mingine hukatwa mbao. Aliyepanda mnazi alijua atakula mjukuu. Sisi wajukuu tumekula, na wengi wetu hatujapanda hata mmoja.

Mnazi wenyewe hauna siri. Haupikwi, hautiwi sukari wala hamira. Maji ya karara yakishuka asubuhi ni matamu, mtoto anaweza kuonja. Yanachacha yenyewe kwa hewa, ikifika jioni ni makali kiasi cha bia ya chupa, na baada ya siku mbili tatu yameshakuwa siki. Kwa sababu hiyo hauwezi kuhifadhiwa kwa urahisi, na ndiyo maana hakuna kampuni kubwa iliyouchukua. Umebaki mikononi mwa watu wadogo, kila mgema na miti yake, kila mama pima na wateja wake. Ubaya huingia pale mtu anapotaka kuongeza. Methali yetu kuhusu mgema na sifa na maji kila mtu anaijua; siku hizi kuna wanaotia vitu vibaya kuliko maji, na hao si wagema.

Sheria ya vileo ya mwaka 2010 ilifungua njia kwa vinywaji vya kienyeji kutengenezwa na kuuzwa kwa leseni na kwa usafi. Mama pima wetu wengi hawajafika kwenye njia hiyo. Hawana banda linalokubalika wala vyombo vinavyooshwa vizuri, na hawajui wapi pa kuanzia na karatasi. Msako ukija, mnazi humwagwa chini, na anayelia ni mama mwenye watoto watatu shuleni. Mgema akianguka mtini hana bima, na kwa kawaida familia yake huuza mti uliomwangusha ili kumtibu.

Kwa wale ndugu zetu ambao dini zao zinawakataza pombe, twasema hivi kwa heshima zote: hatuwaombi mnywe wala muipende. Pia hatufichi kwamba ulevi umeharibu nyumba kadhaa kwetu, na aliye na baba aliyepotelea mangweni asilaumiwe akisita kutoa mchango huu. Lakini mlevi na mgema ni watu wawili. Mgema mlevi hafiki kileleni. Na tukiuacha mnazi ufe kwa aibu, watu hawataacha kunywa. Watakunywa vitu vya chupa ndogo vinavyotoka mbali, vikali kuliko mnazi, na pesa zao zitakwenda huko vilikotoka.

Mchango wa mwaka huu tumeugawa sehemu tatu, na bajeti yake imechapishwa mwisho wa kijitabu ili kila mmoja aikague. Ya kwanza ni kitalu cha miche ya mnazi mrefu wa kienyeji, na miche itagawiwa kwanza kwa familia zilizopoteza minazi yao kwa rehani. Ya pili ni mikanda ya kupandia na mitungi safi kwa wagema, pamoja na bima kwa watakaojiandikisha. Ya tatu ni banda moja la pamoja la akina mama pima, lenye maji na sakafu ya saruji, na msaada wa kupata leseni, ili wauze mchana kweupe kama mfanyabiashara yeyote. Anayependa mchango wake uende kwenye miche peke yake aandike hivyo kwenye fomu, na itafuatwa.

Karo za wanafunzi zinaendelea kama kawaida. Hatujapunguza hata shilingi moja huko, na tumelipitia hilo mara mbili.

Hawe Mekatilili alipotoroka Kisii hakuwa anarudi kwenye utajiri. Alikuwa anarudi mahali ambapo mtu anaweza kusema hiki ni changu, nimekipata hapa. Sisi tuliotoka kwa hiari yetu, kwa basi, tukapata kazi za mjini na mishahara ya mwezi, njia ya kurudi tunayo na ni fupi. Harambee itakuwa nyumbani Desemba kama ilivyo ada, wakati kila mtu amefika kwa likizo. Njooni na watoto muwaonyeshe mti uliowasomesha wazazi wao, na kila nyumba, kabla ya kuondoka kurudi mjini, ipande mche mmoja.